I♥湯: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bafu la sanaa la kisiwa cha Naoshima

Kila ninapowatajia bafu hili ndugu na marafiki wanaojiandaa kwenda Japani, maswali huwa yaleyale. Wengine huuliza waziwazi, wengine hunivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini. Nilisoma Okayama, upande wa pili wa bahari kutoka kisiwani, na bafu hili nimeliogea mara nyingi. Majibu nimeyaweka hapa pamoja, yakiwemo ya yale maswali ya pembeni.

I♥湯 ni nini hasa?

Ni bafu la umma. Watu wa mtaani huja na taulo zao, hulipa, huvua nguo, huoga, hujitumbukiza kwenye hodhi la maji ya moto, kisha hurudi nyumbani uso ukiwa umewiva kwa joto. Papo hapo ni kazi ya sanaa ya kisasa. Hodhi, kuta, dari, vigae, hata vyombo vya chooni, vyote vimepita mikononi mwa msanii Shinro Ohtake na mafundi alioshirikiana nao. Lilifunguliwa Julai 2009. Hakuna kamba inayokuzuia kusogea wala kibao cha "usiguse". Hapa sanaa unaigusa kwa mwili mzima, kuanzia nyayo.

Jina lake linasomwaje?

"Ai rabu yu." Alama ya mwisho, 湯, ni neno la Kijapani linalotamkwa "yu", maana yake maji ya moto ya kuogea. Kwa hiyo ukilisoma kwa macho ni "napenda maji ya moto", lakini ukilitamka kwa sauti, aliyezoea nyimbo za Kiingereza anasikia "nakupenda". Ni mchezo wa maneno wa aina ambayo watu wetu wa kanga na methali wangeupokea kwa mikono miwili. Ile "yu" ikiandikwa kwa herufi nyepesi, ゆ, ndiyo alama ya mabafu ya umma kote Japani. Ukiiona kwenye pazia fupi mlangoni, jua ndani kuna maji moto. Pazia hilo huitwa noren.

Kisiwa chenyewe kiko wapi, na nitafikaje?

Naoshima ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Ndani ya Seto, bahari iliyotulia baina ya kisiwa kikuu cha Honshu na kile cha Shikoku. Kiutawala kiko mkoa wa Kagawa, ingawa kwa umbali kiko karibu zaidi na Okayama. Wakazi wake ni kama 3,000 tu. Kutoka bandari ya Uno, upande wa Okayama, feri inachukua dakika 20. Kutoka Takamatsu, upande wa Shikoku, ni kama dakika 50. Zote hutia nanga Miyanoura, na bafu liko hapohapo Miyanoura, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Huhitaji basi wala baiskeli.

Ukishuka feri utaona boga kubwa jekundu lenye madoa meusi ufukweni. Hilo ni la msanii Yayoi Kusama, liko pale tangu 2006. Lipe bandari mgongo, ingia kwenye vichochoro vya nyumba za mbao, na baada ya kona moja au mbili utaona nyumba isiyofanana na jirani yake yeyote.

Inaonekanaje kwa nje?

Kama vile bahari ilifurika, ikabeba kila kitu, halafu ilipokupwa ikaviacha vyote kwenye ukuta mmoja. Kuna vigae vya rangi zisizopatana, vipande vilivyotoka kwenye meli, mimea iliyochomoza hapa na pale, taa za neoni. Mtaa wenyewe ni wa kimya, wenye rangi ya mbao kavu na bati. Mara ya kwanza nilidhani ni klabu ya usiku iliyopotea njia. Kisha akatoka bibi mmoja amejifunga taulo kichwani, beseni lake la plastiki kwapani, akanipungia kichwa na kwenda zake kwa mwendo wa mtu aliyetoka dukani kununua chumvi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kwa wenyeji hiki si kioja.

Ohtake ni nani?

Alizaliwa Tokyo mwaka 1955, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 anaishi Uwajima, mji wa pwani katika mkoa wa Ehime. Ni mtu wa kuokota na kubandika. Tangu 1977 anatengeneza madaftari mazito ya picha zilizokatwa, tiketi, vifungashio, mabango na karatasi za takataka, vilivyogandishwa kwa gundi na rangi mpaka daftari linavimba na kukataa kufungika. Madaftari hayo yalionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2013.

Kisiwani Naoshima hakuanzia kwenye bafu. Mwaka 2006 alikuwa ameshageuza nyumba ya zamani ya daktari wa meno kule kijiji cha Honmura kuwa kazi ya sanaa. Wanaiita Haisha, yaani "daktari wa meno", na ndani yake imesimama sanamu ya Uhuru, nakala ya ile ya New York, imepenya sakafu ya juu. Kwa ujenzi wa bafu alishirikiana na graf, kikundi cha wabunifu kutoka Osaka.

Ukishalijua hili la madaftari, bafu linasomeka. Ni daftari lake moja lililojazwa maji.

Ndani kuna nini?

Unavua viatu mlangoni, kama ilivyo kila nyumba ya Kijapani. Unapita kwa mhudumu, halafu wanaume njia yao na wanawake njia yao. Chumba cha kubadilishia nguo chenyewe tayari kimejaa picha na vikorokoro, lakini usichelewe hapo.

Ukisukuma mlango wa ndani unakutana na mvuke, na nyuma ya mvuke mwanga. Dari ina rangi, na mchana jua hupenya na kutua juu ya maji kwa vipande vipande. Kuta ni vigae vyeupe, ila ukisogea unaona si vyeupe hivyo, vina michoro. Kwenye ncha ya chumba kuna kioo, na nyuma yake mimea ya nchi za joto. Mtu wa pwani ukiiona pale, katika nchi ambayo Januari unatetemeka, roho inashtuka kidogo.

Hodhi lenyewe limetandikwa picha chini. Ukiinama unaona mabaki ya zamani yaliyochapwa, sura za watu, rangi zilizopauka, na nyingine ni picha za mahaba za kale, kwa hiyo mzazi ajue mapema. Maji yakitulia unaziona vizuri. Mtu mmoja akiingia tu, mawimbi madogo yanazivuruga, sura zinanyooka na kukunjamana, mguu wako unaonekana umebandikwa pembeni ya uso wa mtu usiyemjua. Siku moja nilikaa nikitazama unyayo wangu ukitikisika juu ya picha hizo mpaka vidole vikaanza kukunjamana kwa maji. Sikumbuki jumba la makumbusho lililowahi kunikalisha kimya muda huo wote mbele ya kitu kimoja.

Halafu kuna tembo.

Tembo?

Tembo. Sanamu ya tembo mdogo, amesimama juu ya ukuta unaotenga upande wa wanaume na wa wanawake. Ukuta huo haufiki darini, na katika mabafu mengi ya Japani ndivyo ulivyo, kwa hiyo hewa na sauti hupita juu yake. Tembo huyo yuko mpakani: wanaume wanamwona, wanawake wanamwona.

Nitakwambia kwa nini nampenda. Kwa sababu ya ukuta huo hakuna anayeliona bafu lote. Mimi nimeingia mara zisizo na idadi na nusu ya kazi hii sijawahi kuiona, wala sitaiona. Dada yangu aliponitembelea tuliingia pamoja, kila mtu mlango wake, na tulipotoka tulikaa nje karibu saa nzima tukiulizana. Kwenu chini ya maji kulikuwa na nini? Ukutani je? Kitu pekee tulichokiona wote wawili ni tembo. Mle ndani nilimsikia akicheka upande wa pili na mwanamke wa Kijapani, sijui kwa lugha gani. Wazee wa Japani wanasimulia kuwa zamani mume na mke walikuwa wanaitana juu ya ukuta wa bafu, "natoka sasa", ili wasisubiriane nje kwenye baridi. Ohtake ameuchukua ukuta huo wa kila siku na kumweka mnyama juu yake, nawe unalazimika kuinua macho.

Bafu la umma la kawaida likoje? Mbona Wajapani wasiogee kwao?

Siku hizi wanaogea kwao, na ndiyo sababu mabafu haya yanakufa.

Linaitwa sento. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za mijini hazikuwa na bafu, kwa hiyo jioni mtaa mzima ulikutana kwenye sento. Edo, mji ambao leo ni Tokyo, lake la kwanza linatajwa mwaka 1591. Baada ya tetemeko kubwa la 1923 yalijengwa mengi mapya kule Tokyo kwa paa za fahari zinazofanana na hekalu. Na desturi ya kuchora mlima Fuji ukutani juu ya hodhi ilianzia bafu moja la mtaa wa Kanda mwaka 1912. Yaani sanaa na kuoga walianza urafiki zamani, Ohtake hakuwatambulisha. Hata vindoo vya plastiki vya njano, vyenye tangazo la dawa ya maumivu iitwayo Kerorin, viko tangu 1963, na leo ukikionyesha kindoo hicho kwa Mjapani wa makamo anaanza kukusimulia utoto wake.

Mwaka 1968 sento zilikuwa karibu 18,000 nchi nzima. Kisha nyumba zikajengwa na bafu ndani, wenye sento wakazeeka, watoto wao wakaenda ofisini, bei ya mafuta ya kuchemshia maji ikapanda. Sasa hazifiki 2,000. Kiingilio chake hupangiwa kikomo na serikali ya mkoa, kwa kuwa sheria bado inazitambua kama huduma ya lazima ya wananchi. Tokyo, kwa mfano, Agosti 2024 kikomo kiliwekwa yeni 550. Mwenye sento hawezi kuamka na kupandisha bei atakavyo.

Sento na onsen si kitu kimoja?

Hapana. Onsen ni chemchemi ya moto kutoka ardhini, na sheria ya 1948 inataka maji yawe na nyuzi 25 au zaidi yanapotoka, au yawe na madini yaliyotajwa. Sento ni maji yaliyochemshwa. I♥湯 ni sento. Usiende ukitafuta tiba ya salfa.

Kwa nini kisiwa cha wavuvi kijengewe bafu la sanaa?

Kisiwa hiki si cha wavuvi peke yao. Tangu 1917 upande wa kaskazini una kiwanda cha Mitsubishi cha kuyeyushia shaba. Kiwanda kilileta ajira, na moshi wake ukaunguza miti ya vilima vya jirani. Baadaye kazi zikapungua na vijana wakahama, kama ilivyokuwa kwenye visiwa vingi vya bahari hii.

Miaka ya 1980 Tetsuhiko Fukutake, mwanzilishi wa kampuni ya uchapishaji ya Okayama ambayo leo ni Benesse, alikubaliana na meya Chikatsugu Miyake kuuendeleza upande wa kusini. Fukutake alifariki 1986, mwanawe Soichiro akaendeleza. Mwaka 1992 ikafunguliwa Benesse House, jumba la makumbusho lenye hoteli ndani yake, kazi ya msanifu Tadao Ando. Tangu 1998 nyumba tupu za Honmura zikaanza kupewa wasanii mojamoja. Mwaka 2004 likaja jumba la Chichu, ambalo limezikwa ardhini, lina michoro ya Monet, mchoraji wa Kifaransa, ikimulikwa na mwanga wa jua peke yake. Na tangu 2010 visiwa vya eneo hili vina tamasha kubwa la sanaa kila baada ya miaka mitatu.

Tazama sasa bafu linaingiaje hapo. Majumba ya Ando ni mazuri mno, sina ubishi. Lakini yako kilimani, yana saruji na ukimya, na mgeni anashuka feri, anapanda basi, anatazama, anarudi kwenye feri. Mzee wa Miyanoura anamwona akipita tu. Bafu liliwekwa bandarini, katikati ya nyumba za watu, likaendeshwa na chama cha utalii cha kisiwa kwa kushirikiana na jumuiya ya wakazi wa mtaa, na nia iliyotangazwa ilikuwa mbili: wenyeji wapate pa kupumulia, wageni na wenyeji wapate pa kukutana. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote kisiwani. Monet hawezi kuwaketisha mgeni na fundi wa shaba mstaafu kwenye maji mamoja.

Je, lazima nivue nguo zote?

Zote. Waswahili tumeshasema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa methali inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Suti ya kuogelea hairuhusiwi, bukta hairuhusiwi, kanga inabaki kabatini pamoja na nguo. Unaruhusiwa taulo dogo la mkononi, ambalo wengi hujisitiri nalo wakitembea. Taulo hilo nalo haliingii majini. Wenyeji huliweka kichwani au ukingoni.

Aibu inakaa dakika kama tatu. Nasema hivi nikikumbuka vizuri jinsi nilivyosimama mbele ya kabati nimeshika mkanda wangu, nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Hakuna aliyenitazama. Babu aliyekuwa karibu alikuwa anahangaika na soksi yake.

Mimi ni Mwislamu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa pembeni, na linastahili jibu la wazi. Wanaume na wanawake wametengwa kabisa. Lakini ndani ya kila upande watu wako uchi mbele ya wenzao, na wengi wetu tumelelewa kuwa uchi wa mwanamume, kitovu hadi magoti, hauonyeshwi hata kwa mwanamume mwenzake, na mwanamke naye ana mipaka yake kwa wanawake wenzake. Sitakupa fatwa. Nitakwambia tu kuwa bafu halina chumba cha faragha na sheria ya nguo hailegezwi kwa mgeni. Ukiona haikufai, tazama sura ya nje, ingia hadi sehemu ya mapokezi uone taulo na fulana zilizobuniwa na Ohtake mwenyewe, kisha nenda Haisha, ambayo unaiona umevaa nguo zako zote. Rafiki yangu mmoja wa Pemba alifanya hivyo, akakaa nje kwenye kivuli akinisubiri, na alikuja kunisimulia mambo ya ule ukuta wa nje ambayo mimi nilikuwa nimeyapita mara kumi bila kuyaona.

Nioge vipi nisije nikaudhi watu?

Hapa naomba usome taratibu, maana hili ndilo wageni hulikosea na wenyeji hulinyamazia kwa adabu.

Hodhi si la kujisafishia. Hodhi ni la mtu aliyekwisha kuwa safi. Fikiria mtungi wa maji ya kunywa nyumbani: unachota kwa kata, huzamishi mkono wenye vumbi la shamba. Maji ya hodhi ni ya mtaa mzima, wa kabla yako na wa baada yako.

Kwa hiyo ukiingia, chukua kindoo na kigoda, kaa mbele ya bomba. Kaa, usisimame, kwa sababu ukioga umesimama povu lako linamrukia jirani. Jisugue kwa sabuni kuanzia shingoni hadi katikati ya vidole vya miguu. Ukija na dodoki lako ni sawa. Jisuuze mpaka pasibaki povu hata nyuma ya masikio. Suuza kigoda na sehemu uliyokalia. Mwenye nywele ndefu au rasta azifunge juu. Sasa nenda kwenye hodhi.

Ingia polepole, maana maji ya sento huwa moto, nyuzi 42 si jambo la ajabu, na ngozi iliyozoea maji ya pwani itapiga kelele. Ingiza miguu, tulia, kisha magoti, kisha kiuno. Usiogelee. Usizamishe kichwa. Dakika tano zinatosha kwa mara ya kwanza, toka upumzike, ukipenda rudi. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au aliyekunywa pombe asijaribu ushujaa.

Ukimaliza, jifute maji kwa lile taulo dogo kabla ya kurudi kwenye chumba cha nguo. Ukiacha sakafu imelowa, bibi wa watu atateleza.

Naweza kupiga picha ndani?

Hapana, na usibembeleze. Watu wako uchi. Picha chache rasmi utakazoziona zilipigwa pakiwa patupu, na pakiwa patupu si penyewe.

Naweza kulipa nikaangalia tu bila kuoga?

Hapana. Mwenye nguo hapiti mlango ule.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, kwa kiingilio cha chini. Wafundishe kuoga kwanza kabla hamjaingia, na ukumbuke nilichosema kuhusu picha za chini ya maji.

Ni sanaa kweli, au ni bafu lililopambwa sana?

Swali hili huja na tabasamu la mtu aliyekwisha amua jibu. Nami nalijibu kwa dhati kwa kuwa nimelifikiria sana nikiwa ndani ya maji yenyewe.

Pambo ukiliondoa, kitu kinabaki kilevile. Jaribu kuondoa hapa. Ondoa picha za chini ya hodhi, na mwogaji hana tena sababu ya kutazama mwili wake na wa wengine ukivunjika na kuungana juu ya sura za watu wa zamani. Ondoa tembo, na ukuta unarudi kuwa ukuta. Sasa geuza: ondoa maji, bakisha picha. Unapata chumba kizuri chenye vigae, cha dakika kumi. Ohtake ni mtu wa kubandika vitu vya watu kwenye daftari, na pale Naoshima alibandika kila kitu isipokuwa kimoja, watu wenyewe. Hao huja, hukaa kwenye ukurasa saa moja, huondoka. Kesho ukurasa una watu wengine.

Kuna la pili. Kazi nyingi za makumbusho huhifadhiwa kwa kutotumiwa: mwanga hafifu, hewa kavu, umbali. Hii inaishi kwa kutumiwa. Mvuke unaila, sabuni inaila, nyayo zinaila, na kila siku kuna mtu anayepiga magoti na brashi kusugua sakafu ile, kwa sababu bafu chafu hakuna atakayeliingia, hata kama lingekuwa la msanii gani. Mimi namhesabu msuguaji huyo miongoni mwa waliolitengeneza.

Yapo mabafu mengine ya Japani yaliyoingia kwenye sanaa?

Yapo, na mawili yanafaa kutajwa kwa sababu yalikwenda njia tofauti.

Tokyo, mtaa wa Yanaka, kulikuwa na bafu la Kashiwayu, lenye historia ya karne mbili. Lilipofungwa, jengo lake lenye paa la vigae na bomba refu la moshi halikubomolewa. Tangu 1993 ni nyumba ya maonyesho iitwayo SCAI The Bathhouse. Mlangoni bado utaona makabati ya mbao ya viatu. Ndani ni kuta nyeupe na dari ndefu, pazuri sana kwa sanamu kubwa. Nashukuru jengo limepona. Ila maji yamekwenda, na pamoja nayo wamekwenda majirani.

La pili ni Dogo, kule Matsuyama, mkoa uleule wa Ehime anakoishi Ohtake. Hii ni onsen, na jengo lake kuu ni la 1894. Lilipofungiwa ukarabati mrefu ulioanza 2019, sehemu ya kuogea iliachwa ikitumika, na kuanzia mwisho wa 2021 jengo likafunikwa hema kubwa lililochapwa kazi ya rangi kali. Msanii alikuwa Ohtake huyohuyo. Badala ya mji kutazama turubai la ujenzi kwa miaka, ukatazama mchoro mkubwa kuliko nyumba, na chini yake watu wakaendelea kuoga. Jengo lote lilifunguliwa tena Julai 2024.

Sisi hatukuwa na mabafu ya umma?

Tulikuwa nayo. Mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe, Unguja, umepata jina kutokana na hamamu iliyojengwa zama za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, nayo ilikuwa wazi kwa watu wa mjini waliolipa. Ilifungwa karibu mwaka 1920. Leo unalipa kiingilio, unaonyeshwa mahodhi makavu, vyumba vya mvuke visivyo na mvuke, na mwongozaji anakueleza maji yalipitia wapi. Kila nikienda pale baada ya Naoshima huwa nasikiliza, nikidhani nitasikia bomba likidondoka. Natamani siku moja msanii wa Zanzibar apewe jengo lile na aambiwe sharti moja tu, lirudi kuogewa, kwa stara yetu na kwa namna yetu.

Linafunguliwa lini, ni bei gani, nije na nini?

Hufunguliwa mchana hadi usiku, na kwa kawaida Jumatatu hufungwa. Kiingilio cha mtu mzima hakifiki yeni 1,000. Taulo na sabuni unaweza kuja navyo au kununua palepale. Taulo lenye jina la bafu ni zawadi nyepesi kubeba, la kwangu limechakaa na bado nalitumia.

Angalia ratiba ya feri kabla hujavua viatu. Ya mwisho kurudi Takamatsu huondoka mapema zaidi kuliko ya Uno, na mwili uliotoka maji moto haukimbii.

Saa gani ni nzuri kwenda?

Wageni hupenda alasiri, kabla ya feri. Mimi nakushauri ulale kisiwani, kwenye nyumba yoyote ya wageni pale Miyanoura, uende baada ya chakula cha jioni. Feri za mchana zimeshaondoka, mtaa umebaki na wenyewe. Rangi za dari zimezimika na taa za neoni ndizo zinazofanya kazi nje. Ndani utakuta watu watatu wanne wanaojuana, wakizungumza kwa sauti ya chini habari za samaki na za mgonjwa fulani. Salimia, "konbanwa", kaa kwenye kigoda chako, oga. Usiku mmoja mzee wa pembeni yangu alinisogezea sabuni yake bila kusema neno, baada ya kuona yangu imeniteleza na kwenda chini ya bomba la mtu wa tatu. Tulikutana tena hodhini, akanyoosha kidole juu ukutani kunionyesha tembo, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jirani yake.